Mabenchi Aliyoyatoa Mama Funguo

Dada yangu mkubwa watu wa mtaani humwita Mama Funguo, na si kwamba ana mtoto wa jina hilo. Hana mtoto. Ana funguo. Huzifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu, na akija dukani utadhani mbuzi mwenye njuga amekata kamba yake. Utani huo aliuanzisha mwenyewe, kwa hiyo simsengenyi.

Funguo ni za kanisa la zamani, lile la mawe lililo mwisho wa barabara ya mafundi cherehani. Mama yetu ndiye aliyekuwa akilifagia, na dada alianza kufuatana naye akiwa mdogo, akimbebea beseni la maji. Mama alipoishiwa nguvu, dada alichukua ufagio bila kuajiriwa na mtu. Mchungaji wa wakati ule alikuja akakuta sakafu imepigwa deki, akauliza ni nani, akaonyeshwa msichana mwembamba aliyesimama nyuma ya mlango. Akampa funguo. Usaili wake wote wa kazi ulikuwa huo.

Dada ana tabia moja inayomtambulisha kuliko hata funguo. Akiambiwa, ameambiwa. Ukimwambia mlango usifunguliwe, haufunguliwi hata ukimletea askari. Ukimuuliza sababu, atakujibu kwa neno moja, "Nimeambiwa," na hapo kesi imekwisha. Mke wangu alikuwa hodari wa kumwigiza, akiweka mkono kiunoni na kuinua kidevu, mpaka dada mwenyewe anacheka. Hiyo ilikuwa kabla hawajakosana.

Walikosana hivi. Waumini walihamia jengo jipya kwenye barabara kuu, na kanisa la zamani likafungwa. Paa la upande mmoja lilikuwa limelegea, kwa hiyo mchungaji alimwambia dada asimfungulie mtu yeyote. Haukupita muda mama mkwe wangu akafariki. Watu walijaa kwetu kuomboleza, na nyumba yetu ni vyumba viwili tu. Mvua ikaja, tena ile isiyo na adabu, inayoingia kwa ubavu. Mke wangu akanituma kwa dada, atufungulie kanisa tukae upande ule uliokuwa na paa zima. Nikaenda. Dada alinisikiliza, akalia kabisa, maana yule mama walikuwa wakipendana. Kisha akafuta machozi na kusema, "Mdogo wangu, nimeambiwa."

Wazee wakakaa chini ya turubai lililovuja. Shangazi wa mke wangu alipata homa ya mapafu, na ingawa alipona, maneno hayakupona. Kuanzia siku hiyo mke wangu hakumsemesha wifi yake. Wakikutana dukani, mmoja alisoma maandishi ya sabuni mpaka mwenzake atoke. Mimi nikawa katikati kama mlango, kila mmoja ananipitia.

Miaka ikaenda. Kanisa likawa la popo na njiwa, na dada akaendelea kuwafagilia. Halafu kamati ya mtaa, mchungaji na ofisi ya mji wakakubaliana ligeuzwe kituo cha sanaa. Vijana wapate mahali pa kuigiza na kupiga ngoma, watoto wachore, akina mama wafundishane kushona. Kuta zisiguswe kwa kuwa ni za kale. Palipokuwa na madhabahu pajengwe jukwaa. Na Mama Funguo abaki na funguo zake, kwa sababu hakuna aliyejua mlango upi unahitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke.

Dada aliipokea habari hiyo kama mzazi anayeambiwa binti yake anaposwa na mtu asiyemjua. Hakushangilia, hakukataa. Aliuliza tu, "Na hao wapiga ngoma, watafuta miguu wakiingia?"

Msimamizi wa ujenzi alikuwa kijana mwenye kofia ngumu kichwani na simu sikioni, na nadhani alilala navyo vyote viwili. Siku ya kwanza alipita kati ya mabenchi ya kanisa, yale ya mbao ngumu yaliyolainishwa na migongo ya watu, na ubavuni mwa kila benchi akaandika kwa chaki nyeupe: TOA. Maana yake ilikuwa yatoke nje, yawekwe kwenye banda la nyuma, yapigwe msasa na vanishi, kisha yarudishwe ndani sakafu ikikauka. Lakini hayo yote yalikuwa kichwani mwake. Kwenye benchi lilikuwapo neno moja tu.

"Mama," alimwambia dada, "hayo yenye chaki yasiwepo mafundi wa sakafu wakija. Yote toa."

"Niyatoe popote?"

Simu ikaita. "Popote, mama. Bora yasiwe humu ndani." Akatoka nayo, akaenda kufuatilia saruji na mbao za jukwaa, akakaa huko wiki nzima.

Sasa, kwa watu wengine kutoa ni kuondoa. Unatoa takataka, unatoa jino bovu. Lakini dada yangu amekulia kanisani, na kanisani neno hilo lina cheo. Wakati wa kutoa ukifika watu hunyamaza, huinuka mmoja mmoja, hupita mbele na kuacha walichonacho. Kinachotolewa hakigeuki kikarudi mfukoni. Dada alisimama mbele ya mabenchi yale yaliyoandikwa TOA, na alipokuja kuniita nyumbani kwangu, akisimama nje ya uzio kama kawaida yake ili asionane na mke wangu, macho yake yalikuwa mekundu kwa furaha.

"Lete mkokoteni," aliniambia. "Leo mwenye kofia amenena neno. Nilidhani watayafanya kuni."

Mimi kazi yangu ni kusukuma mkokoteni. Napakia, napeleka, napakua. Nilimwona dada anafurahi, nami nikapakia.

Sijawahi kumwona akitembea vile. Alikuwa mbele, funguo zinalia, anachagua nyumba kama mtu anayegawa keki ya harusi. Kinyozi wa barabarani, ambaye wateja wake walisubiri wamechuchumaa, alipata benchi. Zahanati ilipata, maana kina mama walisubiri wamesimama na watoto mgongoni. Na fundi saa alipata.

Fundi saa ana mguu mmoja usiokunjika. Alikuwa akikaa chini kwenye kona ya ukuta, juu ya gunia lililokunjwa, na kisanduku chake cha kioo magotini. Tulipomwekea benchi, alijivuta akakaa, akanyoosha mguu wake mbaya juu ya ubao kwa urefu wake wote, akaegemea, akatazama barabara.

"Kumbe watu wana nyuso," akasema. "Miaka yote hii nawajua kwa viatu. Mama Funguo, leo nimepanda cheo. Anayenitaka aombe miadi!"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta.

Mabenchi mengine yalikwenda hivyohivyo. Lilipobaki moja, akashika ncha ya mkokoteni.

"Hili twende kwako."

"Kwangu?"

"Wewe sukuma."

Mke wangu alikuwa uani anafua. Aliposikia funguo zinaingia badala ya kupita, aliacha mikono yake ndani ya povu. Dada alisimama mbele yake. Kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, alisema, "Wifi."

Mke wangu alitazama povu.

"Nimekuletea mahali pa kukaa. Wewe na wageni wako. Siku ile sikuwapa."

Tukalishusha benchi chini ya dirisha. Mke wangu akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Basi kaa wewe kwanza. Usinisimamie kama mgambo." Dada akakaa ncha moja, yeye akakaa ncha nyingine, na katikati yao pangeweza kukaa familia nzima. Lakini niliporudi kutoka kufunga mkokoteni, mke wangu alikuwa amesimama, mkono kiunoni, kidevu juu, anasema, "Nimeambiwa!" na dada alikuwa anapiga ubao kwa kofi akicheka, machozi yanamtoka. Nguo ziliachwa kwenye povu mpaka maji yakapoa.

Mwenye kofia akarudi. Akaingia kanisani, akatoka, akaenda kwenye banda la nyuma, akarudi tena. Mimi nilikuwa nimeleta mchanga, nikasikia yote.

"Mama, mabenchi yako wapi?"

"Nimeyatoa."

"Naona umeyatoa. Yako wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Waliokuwa hawana."

Alivua kofia. Ndipo nikajua kuwa ana nywele. Akaeleza polepole, bila kufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Mabenchi yalikuwa ya kale kama kuta. Yalikuwa kwenye makubaliano na ofisi ya mji. Yasiporudi, yeye ataulizwa, na akiulizwa itabidi aseme nani ana funguo. Dada alimsikiliza huku akiangalia mahali palipokuwa na maandishi ya chaki.

"Ulisema toa," alisema.

"Nilisema toa, mama. Sikusema gawa."

Basi tukaanza kuzunguka tena, njia ileile, kinyume. Dada sasa alitembea nyuma ya mkokoteni, na funguo alizishika kwa mkono zisilie.

Kinyozi hakumwachia hivihivi. "Mama Funguo! Siku hizi sadaka inakodishwa?" Wateja wakacheka, lakini waliinuka. Kwenye zahanati muuguzi alitufungulia mlango, na wale kina mama wakahamisha watoto wao kutoka kwenye ubao kwenda mgongoni. Hakuna aliyetugombeza. Kila tulipoondoka nilisikia dada anasema "Samahanini," lakini kwa sauti ndogo kiasi kwamba ni mimi tu niliyesamehe.

Kwa fundi saa alitaka nimwongeleshe mimi. Mimi tena! Nikasimama pale, nikakohoa. Fundi saa alitutazama mmoja mmoja, akatazama mkokoteni uliojaa, akaelewa.

"Chukua, mama," akasema. "Mwenyewe akikitaka chake, mimi ni nani?"

Alikusanya saa zake, akakunja gunia, akauegemea ukuta na kuanza kushuka, mguu mbaya ukitangulia. Nilinyoosha mkono nimshike. Akasema anaijua njia ya kwenda chini. Alipofika, aliinua uso kumuaga dada, na nadhani kitu alichoshindwa kukivumilia dada kilikuwa hicho, kwamba yule mtu aliamini ni Mungu aliyebadili nia.

Lilibaki la kwetu. Tulipofika njia panda nikakata kona kuelekea nyumbani.

"Geuza," dada akasema.

"Na lile la kwetu?"

"Geuza mkokoteni, mdogo wangu."

Kanisani msimamizi alipoyapitia mabenchi, dada alimwambia, "Moja liliharibika. Lililiwa na mchwa." Alilisema akiwa amesimama palipokuwa na madhabahu, kwenye mbao mpya za jukwaa. Kijana akasema, "Haya," akaendelea na simu yake. Uongo wa kwanza niliousikia kinywani mwa dada yangu ukapita hivyo, kama mtu anayepita mlango uliokwisha kufunguliwa.

Nilimwelewa. Wifi yake alikuwa amemrudia juu ya benchi lile, na mtu anawezaje kuja kumwambia, inuka, nalichukua? Lakini tangu siku ile dada hakuwa sawa. Kwenda sokoni alizunguka nyuma ya machinjio ili asipite kona ya fundi saa. Kanisani alifagia palipokwisha kufagiliwa mpaka mafundi wa rangi wakamwomba apumzike, vumbi linawaharibia. Alikuja kwetu kila siku, kwa kuwa mke wangu alimtaka kila siku, lakini alisimama.

"Wifi, mbona hukai?"

"Mgongo."

"Mgongo ndio unaotaka kukaa, wifi."

"Wangu unapenda kusimama."

Mke wangu si mjinga. Na mtaa una midomo. Asubuhi moja alirudi kutoka bombani na ndoo haikujaa, akaiweka chini kwa kishindo. Mke wa kinyozi alikuwa amemwambia mbele ya foleni nzima: raha yake mtu mwenye wifi wa funguo, wenzake wamenyang'anywa, hata mlemavu, yeye amekalia.

"Ulijua?" akaniuliza.

Niliangalia gurudumu la mkokoteni.

"Nimeuliza gurudumu?"

Nikasema nilijua.

Dada alipokuja, mke wangu alikuwa amesimama pembeni ya benchi, hajakaa. Mimi nikachuchumaa kukaza nati iliyokuwa imekazwa.

"Wifi, benchi hili ni la nani?"

Dada akaeleza yote, kuanzia kwenye chaki. Hakujitetea. Alipofika kwa fundi saa sauti ilikatika, akasubiri, akaendelea. Alipomaliza nilidhani mke wangu atamkaripia kwa ajili ya wale waliopokonywa. Lakini kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Kwa hiyo si wewe uliyenipa," alisema. "Ni chaki iliyonipa. Uliambiwa utoe, ukatoa. Kama ulivyoambiwa usifungue, ukafunga. Mimi nikadhani safari hii umefanya kwa moyo wako."

Nati ilikuwa imebana mpaka spana inateleza.

"Chaki ilisema toa," dada akasema. "Haikusema nikupe wewe."

Mke wangu alimwangalia. Aliondoa mto aliokuwa ameushonea benchi, akautupa ndani kupitia dirishani. Akainama.

"Shika upande ule," akasema.

Nikainuka kuleta mkokoteni. "Kaa na gurudumu lako," akaniambia. Wakalibeba wao wawili, wanawake wawili waliopita umri wa kubeba mbao ngumu, barabarani mchana kweupe, na mimi nyuma nasukuma mkokoteni mtupu kama mtu aliyefukuzwa kazi. Walipita mbele ya kinyozi. Mashine yake ya kunyolea ilizimwa. Wakabadilishana mikono, wakaendelea.

Ndani ya kanisa palikuwa na harufu ya vanishi. Msimamizi alikuwa kwenye ngazi anapima taa.

"Hili hapa," dada akamwambia. "Mchwa hawakulila. Nilikudanganya, tena nikiwa nimesimama pale." Akaelekeza jukwaani kwa kidevu, akafungua kamba kiunoni, akamnyooshea funguo.

Kijana alishuka ngazi. Alimwangalia mke wangu, akaniangalia mimi, akitafuta mtu wa kumsaidia. "Mama, benchi moja tu..."

"Sisemi benchi."

"Sasa hizi nizifanyie nini? Milango yenyewe inakutii wewe peke yako." Akamrudishia mkononi na kumfumba vidole. "Liweke pamoja na mengine, mama. Yaishe."

Alidhani amemwonea huruma. Mimi namjua dada yangu tangu ananibeba, alitaka zichukuliwe. Alizifunga tena kiunoni kama mtu anayejifunga jiwe.

Wakati wa kurudi hakuzunguka machinjio. Alikwenda moja kwa moja mpaka kona ya ukuta, sisi nyuma yake. Fundi saa alikuwa kwenye gunia lake, kioo jichoni, saa imefunguliwa kiganjani. Alitutambua bila kuinua uso.

"Habari za kazi, fundi," dada akasema.

"Nzuri, mama. Mmelifikisha la mwisho?"

Dada akauliza, "Ulijua?"

"Mtaa mzima tulijua. Linaonekana toka barabarani, chini ya dirisha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje?" akasema, akitafuta skrubu kwa ncha ya kibano. "Wewe ndiye uliyekuwa unaambiwa na wakubwa. Sisi tuliona labda hilo nalo umeambiwa."

Hakulisema kwa kejeli, ndiyo maana liliingia. Mke wangu aligeuza uso, akatazama upande wa mafundi cherehani. Dada alikusanya gauni lake, lile zuri alilolivaa kwa ajili ya kurudisha funguo, akaushika ukuta, akashuka na kukaa juu ya vumbi karibu na gunia. Goti moja lililia. Watu walipita, na kutoka pale chini aliweza kuona viatu vyao tu.

Fundi saa alisubiri kwa adabu. Mwisho akainua kioo jichoni.

"Mama," akasema, "unaniziba mwanga."

Dada akasogea. Hakuinuka.